Ushuhuda Haukatwi

MSUSI: Haloo? Ni nani?

SEREMALA: Haloo... (mtandao unakwaruza) ...mimi.

MSUSI: Mimi nani? Mimi tuko wengi duniani.

SEREMALA: Kaka yako.

MSUSI: Ee! Shikamoo, kaka! Mbona namba ngeni? Na sauti yenyewe imekuwa ya babu.

SEREMALA: Marahaba. Simu ya fundi viatu, huyu wa mbele ya karakana. Sikiliza, salio lake lenyewe la kuokota—

MSUSI: Ngoja nikuweke spika, mikono yangu iko kichwani mwa mtu. Upande mmoja nimesuka, upande mmoja bado. Akitoka hivi barabarani watoto watakimbia.

SEREMALA: Usiweke spika.

MSUSI: Mh?

SEREMALA: Ibane begani. Nakuomba.

MSUSI: Haya, nimeibana. Kaka, wimbo umefika mpaka huku! Jana nimeusikia kwenye simu ya muuza maji. Mwenyewe ndiye ninayeimba, na mwenyewe napita na ndoo kama simjui anayeimba. Na huyu mteja wangu anaujua wote. Eti ananiambia, "Huyu mama ana pengo, sikiliza hiyo sauti inavyopiga mluzi." Nikasema kweli, maskini, ana pengo. Nikafunga mdomo wangu—

SEREMALA: Dada.

MSUSI: —na hilo gitaa! Hakuna anayeamini kwamba ni mbao za sanduku na nyaya za breki. Ulifanya vizuri kujifunika blanketi ulipolirekodi juu ya sauti niliyokutumia, maana—

SEREMALA: Dada, gitaa halipo.

MSUSI: Halipo vipi? Umeuza?

SEREMALA: Hakuna hata moja. Amekuja hapa.

MSUSI: Nani?

(mlio wa gari linapita upande wa seremala)

MSUSI: Kaka. Nani amekuja?

SEREMALA: Kwani mimi nina mashemeji wangapi?

MSUSI: Mteja wangu, samahani kidogo. Nasogea hapa mlangoni. Usiziguse hizo rasta, zitafumuka. (nyayo) Sema.

SEREMALA: Asubuhi. Nilikuwa napiga randa mlango wa mtu. Nikasikia lori linazimwa nje, nikajua ni mteja wa vitanda. Nikatoka na tabasamu, mjinga mimi.

MSUSI: Alitaka nini?

SEREMALA: Unaniuliza alitaka nini? Ule wimbo umemvua nguo. Madereva wenzake wamempa jina. Akiingia kituo cha mafuta, "Dhoruba, habari za safari?" Akikaa kula, "Mpisheni Dhoruba, asije akatumwagia mchuzi."

MSUSI: (anaguna) Dhoruba.

SEREMALA: Usicheke!

MSUSI: Sijacheka, nimekohoa. Wamejuaje ni yeye? Sikumtaja jina. Nimemwimbia Bwana wangu. "Bwana umelala wapi, nyumba inajaa maji"—

SEREMALA: "Aliyeniapia madhabahuni, mkono wake ni dhoruba." Hapo ulikuwa umebakiza nini? Picha yake tu. Na hilo pengo linalopiga mluzi, nani asiyejua lilitoka wapi? Mtaa mzima ulikuona siku ile na kanga imejaa damu, na yeye nyuma na spana ya magurudumu mkononi.

MSUSI: Basi. Acha hayo. Amekufanya nini?

SEREMALA: Alianza na magitaa. Yale manne ya ukutani. Hakuyatupa ovyo. Aliyachukua moja moja, akayapiga kwenye benchi taratibu, kama mtu anayepasua kuni za jioni. Kila moja na swali lake. Yuko wapi? Nasema sijui. Paa! Yuko wapi? Sijui. Paa!

MSUSI: Na lile la Mama?

SEREMALA: La Mama alilikanyaga.

MSUSI: (pumzi nzito) Endelea.

SEREMALA: Magitaa yakaisha. Maswali hayakuisha.

MSUSI: Kaka, usiniambie kwamba—

SEREMALA: Akachukua nyundo. Nyundo yangu mwenyewe. Akanibana mkono kwenye jiliwa, ile ya kubania mbao, akakaza mpaka nikasikia mfupa unajibu. Halafu vidole. Kimoja, anauliza. Cha pili, anauliza.

MSUSI: Mungu wangu! Mungu wangu! Mkono gani?

SEREMALA: Wa kushoto.

MSUSI: Wa nyuzi.

SEREMALA: Wa nyuzi. Alijua. Ameniona miaka mingapi nikipiga, tangu harusini kwenu? Alijua aanzie wapi.

MSUSI: (analia) Ungemwambia, kaka. Ungemwambia tu yaishe.

SEREMALA: Nimwambie nini? Nimwambie njoo ummalizie meno yaliyobaki? Nisikie vizuri. Sikusema. Kidole cha tatu nilijikojolea mbele yake, na sikusema. Akanitemea mate, akaniambia, "Mdogo wako ataimbia mbinguni." Sikusema. Nikasema moyoni, Mama ananiona. Nikazimia, na mdomo wangu umefungwa. Ndiyo maana nimekupigia. Ujue uko salama. Ulale usingizi.

MSUSI: Umeenda kwa daktari?

SEREMALA: Fundi viatu amenifunga na vipande vya soli. Kazi safi. Amesema nikipona atanipaka na rangi.

MSUSI: Usinichekeshe huku nalia. Mkono uuweke juu, usiuning'inize. Na simu yako iko wapi?

SEREMALA: Ameondoka nayo. Lakini namba yako haimo, tulia. Namba yako naitunza kichwani.

MSUSI: Sisemi namba. Wimbo umo?

SEREMALA: Umo, ndiyo. Watu si wanakuja kuuchukua hapa karakanani kila siku? Lakini yeye alishausikia.

MSUSI: Aliusikia wote?

SEREMALA: Kwa simu ya utingo wake. Ulipofika ule ubeti wa dhoruba, akaipokonya simu ya watu akaitupa dirishani, lori likiwa kwenye mwendo. Alinisimulia mwenyewe, huku anakaza jiliwa.

MSUSI: Kwa hiyo mwisho hakuusikia.

SEREMALA: Mwisho gani?

MSUSI: Kaka. Ule mwisho, uliukata?

(mtandao unakwaruza)

SEREMALA: Haloo? Sikusikii viz—

MSUSI: Unanisikia! Nilipokutumia wimbo nilikwambia nini? Nilikwambia ushuhuda wa mwisho ni wako peke yako, ujue nina pa kulala, moyo wako utulie. Kwa watu uukate. Nilisema au sikusema?

SEREMALA: Ulisema.

MSUSI: Ulikata?

SEREMALA: Nilikata.

MSUSI: Ahsante Mung—

SEREMALA: Halafu nikarudisha.

MSUSI: Rudia.

SEREMALA: Nilipoukata, wimbo ulikufa ghafla, dada. Kama umemkata Mama koo katikati ya neno. Unakumbuka alivyokuwa akimaliza kuimba, hata peke yake penye beseni la nguo? "Nimeimba nikiwa mahali fulani, namshukuru fulani aliyenipa kiti." Wimbo bila ushuhuda ni kelele, alisema. Ushuhuda haukatwi. Nikaona—

MSUSI: Mama hakuwa anamkimbia mtu!

SEREMALA: Najua.

MSUSI: Hujui! Nilisema nini mle ndani? Hebu sema, wewe ndiye umesikiliza mara nyingi.

SEREMALA: Dada, usinifanye—

MSUSI: Sema!

SEREMALA: "Nimeimba nikiwa kibaraza cha nyuma kwa Mama Mkaa, pale mashine ya kusaga, ng'ambo ya reli. Mungu ambariki aliyetupa godoro mimi na mwanangu."

MSUSI: Na mji nilitaja?

SEREMALA: Ulitaja.

MSUSI: Basi hata kipofu anafika. Anauliza tu penye mkaa.

SEREMALA: Nilidhani watu watafurahi. Watajua ni mtu wa kweli anaimba, ana godoro la kuazima. Walikuwa wanalia, dada, wakifika hapo. Mzee mmoja aliweka simu chini akavua kofia. Sikufikiria... (anasita) Ngoja. Kwa hiyo hivi vidole...

MSUSI: Kaka.

SEREMALA: Hivi vidole vyangu nimevitoa bure. Nimebanwa kwenye jiliwa kuficha kitu ambacho nimekigawa mwenyewe kwa kila mwenye simu.

MSUSI: Sasa hivi acha vidole—

SEREMALA: Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wanavyosema. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu. Dada, nisa—

MSUSI: Usiniombe msamaha, utamaliza salio la watu! Ameondoka saa ngapi?

SEREMALA: Sijui. Nilizimia. Nilipozinduka jua lilikuwa utosini na fundi viatu ananipepea na boksi.

MSUSI: Ameelekea wapi?

SEREMALA: Fundi viatu anasema alikaa kwanza ndani ya lori, mlango wazi. Alikuwa anasikiliza kitu. Halafu akawasha akaondoka kwa fujo, akamgonga mbuzi wa watu na hakusimama.

MSUSI: Alikuwa anasikiliza kitu.

SEREMALA: Ondoka hapo. Dada, ondoka sasa hivi.

MSUSI: (mbali na simu) Mteja wangu, inuka! Inuka hivyo hivyo, jifunge kitambaa. Mchukue mwanangu kwa Mama Mkaa pale mbele, mpitishe kwenye reli mpaka kanisani, ukae naye. Usiniulize. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, ndiye mimi mwenye pengo! Nenda! (kwenye simu) Mtoto ametoka.

SEREMALA: Na wewe toka.

MSUSI: Nachukua viatu vyake.

SEREMALA: Acha viatu!

MSUSI: Ameondoka peku, kaka, njia yote ni kokoto. Viko hapa hapa chini ya godoro, kimoja nimekipata—

SEREMALA: Acha viatu, nakwambia! Toka na miguu yako!

MSUSI: Nimevipata vyote, natoka...

SEREMALA: Nini?

MSUSI: Shh.

SEREMALA: Ni nini?

MSUSI: Honi. Anapiga mbili fupi, moja ndefu. Alikuwa akifika nyumbani anapiga hivyo, nikiwahi kufungua geti nilipona, nikichelewa sikupona.

SEREMALA: Pita nyuma.

MSUSI: Nyuma ni ukuta wa mashine. Chumba kina mlango mmoja.

SEREMALA: Dirisha?

MSUSI: Lina nondo. (kishindo cha mlango wa gari) Ameshuka. Mama Mkaa anamwambia hakuna mtu. Anamsukuma. Kaka, amemsukuma bibi wa watu kwenye magunia.

SEREMALA: Funga mlango! Weka kitu!

MSUSI: Nimeweka komeo. Komeo lenyewe la msumari.

SEREMALA: Una nini hapo ndani? Kisu? Una kisu?

MSUSI: Nina kitana.

SEREMALA: Dada!

MSUSI: Nina maji. Sufuria ya kuchovya ncha za rasta, iko motoni hapa tangu asubuhi. Yanatokota.

(mlango unapigwa mbali)

SEREMALA: Haya.

MSUSI: Haya nini?

SEREMALA: Unajua nini.

MSUSI: Kaka, nimeimba siku zote kwamba nisimame nisubiri. Nimewaimbia watu wote hao wasubiri. Sasa nitamwambia nini Mungu?

SEREMALA: Utamwambia baadaye. Shika kwa kitambaa usijiunguze.

MSUSI: Nakuweka kifuani. Usikate.

SEREMALA: Sikati. Niko hapa. Niko hapa, mdogo wangu.

(nguo inakwaruza simu, mlango unapigwa kwa nguvu)

SAUTI YA DEREVA: (kwa mbali) Fungua, mwimbaji! Nimekuja kwenye ibada!

SEREMALA: Usijibu. Usimjibu kitu.

SAUTI YA DEREVA: Dunia nzima unaiimbia, mimi mume wako kiingilio ni bei gani? Fungua! Leo nakutoa ulimi nikautundike kwenye kioo cha lori, uwe unanipigia mluzi njiani!

SEREMALA: Dada, simama pembeni ya mlango. Usisimame mbele. Mlango ukija usikukute mbele.

(mbao zinapasuka)

SEREMALA: Pembeni! Umenisikia? Dada!

SAUTI YA DEREVA: Ohoo. Umekonda. Imba basi. Imba nisi—

(maji, sufuria inagonga sakafu, mwanamume anapiga yowe)

SEREMALA: Dada! Dada! Haloo!

(yowe, vitu vinaanguka, pigo moja, jingine)

SEREMALA: Nani anapigwa? Nani anapigwa hapo? Jamani, semeni! Fundi, sisikii kitu, ni yowe tu! Dada!

(kukwaruza, pumzi)

MSUSI: ...nipo.

SEREMALA: Amekuumiza?

MSUSI: Amenipata bega. Alipiga ngumi huku haoni. Nikampiga na sufuria. Mara mbili. Mara ya pili hakuwa ananifanya kitu, kaka. Mara ya pili nilitaka tu.

SEREMALA: Yuko wapi?

MSUSI: Chini. Anajishika uso. Shati... ngozi ya shingo imekuja na shati. Anamwita mama yake.

SEREMALA: Mwache amwite. Mwache aive! Alidhani yeye peke yake ndiye ana mikono? Ahsante Mungu, ahsante Bwana—

MSUSI: Usimtaje sasa hivi!

SEREMALA: Mh?

MSUSI: Usimtaje Mungu juu ya sauti hii. Huisikii? Kama ni kumtaja nitamtaja mwenyewe, nikiweza. (mbali na simu) Mama Mkaa! Uko mzima? Mletee ndoo ya maji ya baridi. Yote. Mmwagie taratibu, usimsugue.

SEREMALA: Unampoza? Mtu aliyenivunja—

MSUSI: Nampoza. Nimemuunguza na nampoza, na vyote viwili ni mimi. Na nikimwona amesimama nitampiga tena. Usiniulize kwa nini.

SEREMALA: Basi toka hapo. Amekuja peke yake?

MSUSI: Na utingo. Nimempita hapa mlangoni, ameganda. Sasa hivi ameshika simu... Kaka, anawapigia ndugu zake. Namsikia. "Mkewe amemuua," anasema. "Njooni, mkewe amemuua."

SEREMALA: Hajafa lakini?

MSUSI: Mfu hapigi kelele hizo.

SEREMALA: Wakija wale ndugu zake hawataangalia nani alianza. Kimbia. Una viatu vya mtoto?

MSUSI: Ninavyo. Sijui nimevishika saa ngapi, lakini ninavyo. (nyayo, mbio) Nakwenda kumchukua kanisani.

SEREMALA: Ule wimbo nitaufuta. Leo hii. Nitamwambia kila mtu aufute.

MSUSI: Utaingia kwenye simu ngapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Achana nao. Mwambie fundi viatu akupeleke hospitali, hizo soli hazitibu mfupa.

SEREMALA: Nitakwenda.

MSUSI: Kweli?

SEREMALA: Kweli. Una nauli? Una mtu?

MSUSI: Mama Mkaa amenipa mtu wa pikipiki. Anasema anipeleke kwa dada yake, ni saa chache tu, pale—

SEREMALA: Usiniambie!

MSUSI: Ni kule kwa—

SEREMALA: Usiniambie, dada! Funga mdomo!

MSUSI: Kaka, ni wewe tu. Nimebaki na wewe tu.

SEREMALA: Hata mimi. Mimi hasa. Safari hii watakuja na misumeno, na nina mkono mmoja umebaki. Sijui kama nitaweza tena. Usiniambie unakokwenda.

MSUSI: (anahema) Utajuaje kama niko hai?

SEREMALA: Sitajua.

MSUSI: Nitakutumia hata salamu. Hata neno moja.

SEREMALA: Usitume. Ukibadilisha namba usinipe.

MSUSI: Na nikiimba?

SEREMALA: Imba. Imba sana. Ila usinitumie mimi, na usimtaje aliyekupa godoro.

MSUSI: Kaka, hiyo si—

SEREMALA: Najua si ya Mama. Najua! Panda pikipiki.

(mtandao unakwaruza, mlio wa pikipiki, mtoto analia)

MSUSI: Nimempata. Yuko hapa, mtoto yuko hapa. Mwambie mjomba kwa heri. Sema kwa heri, mama. Hawezi, amening'ang'ania shingoni. Kaka, kwa heri. Mkono uuweke juu, umesikia? Usiuning'i—

(simu inakatika)

SEREMALA: Haloo? Dada? Haloo? Fundi, salio lako limekwisha. Hapana, usiongeze. Kaa chini, usiongeze. Chukua simu yako. Na hiyo namba niliyopiga, ifute. Ndiyo, sasa. Isogeze hapa, ifute huku naona.